Kereng'ende wa kijito cha Ngezi: humuoni, au unamuona humtambui?

Pemba ina kereng'ende mmoja mwembamba ambaye hajulikani pengine popote duniani. Jina lake la kitaalamu ni Proplatycnemis pembipes. Walioeleza spishi hii mwaka 2007 ni Klaas-Douwe Dijkstra, Viola Clausnitzer na Andreas Martens, kutokana na vielelezo vya msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa. Wakati huo aliingizwa katika jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) ya Platycnemis; mwaka 2014 akahamishiwa Proplatycnemis pamoja na jamaa zake. Na jamaa zake hao hawako Tanga wala Mombasa, wako Madagaska na Komoro. Msitu huohuo una mpapindi, mnazi-pori wa Pemba tu, ambao nao ukoo wake ni wa Madagaska, kwa hiyo hayuko peke yake katika safari hiyo ya kuvuka bahari.

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kereng'ende huyu yumo kwenye daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini, maana maisha yake yamefungamana na maji ya msitu mmoja. Ndiyo sababu kila picha nzuri na kila taarifa sahihi ina thamani, na taarifa ya makosa ina madhara: mtu akidai kamuona bondeni kwenye mpunga, ramani inapanuka kwa uongo na hatari inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Anayekwenda kumtafuta akarudi mikono mitupu, sababu huwa mojawapo ya tatu: alisimama pahala pasipo pake, mwanga ulimkataa, au alianza na rangi badala ya kuanza na miguu. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta iliyokupata.

DALILI: Umekaa ukingoni saa nzima na hujaona hata mmoja

Kwanza chunguza maji yenyewe. Unayemtafuta ni wa kijito cha msituni: maji yanayotembea, hata polepole, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ndani ya Ngezi maji ni ya namna nyingi, na mengi si yake. Yapo madimbwi yaliyotuama, zipo tope za miwale, na upande wa ghuba kuna mikoko. Tia jani kavu majini ulitazame kwa dakika moja. Likikaa palepale, umesimama kwenye dimbwi. Fuata maji mpaka upate mahali jani linapokwenda. Ukiona mizizi ya mikoko, kaa wadogo na mstari wa chumvi kwenye magogo, basi maji ya bahari yanapanda hadi hapo bamvua likijaa. Kereng'ende walio wengi hawazai kwenye maji ya chumvi. Panda juu kuelekea chanzo mpaka uwe mbali na mkondo wa bahari.

Pili, saa. Kijito kilichofunikwa na majani hakipati jua asubuhi wala jioni. Miale inaingia jua likiwa juu tu. Ukifika saa 1 asubuhi ukaondoka saa 3, umekaa muda wote kwenye baridi na giza, na mdudu ambaye damu yake haina joto la kwake amekaa kimya kwenye jani bila kutikisika. Panga uwe ukingoni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Katika muda huo tafuta vidoa vya jua vinavyoanguka kwenye majani ya ukingoni, ukubwa wa kiganja au sahani. Kereng'ende wembamba wa msituni huvifuata vidoa hivyo. Doa likisogea, naye husogea. Doa likifa kwa sababu ya wingu, usiondoke. Subiri wingu lipite.

Tatu, unatazama juu sana. Mazoea ya kutazama kereng'ende wa shambani, wale wanaozunguka juu ya vichwa wakati wa Kaskazi, yanakufanya utazame hewani. Huyu mtafute chini: kati ya usawa wa maji na usawa wa kiuno, kwenye vijiti vinavyoning'inia, ncha za majani ya kangaga za ukingoni, mizizi iliyochomoza. Chuchumaa. Ukichuchumaa unapata faida ya pili: mwili wake unaonekana ukiwa umepambanuka na maji yanayong'aa nyuma yake, wakati ukisimama unamtazama dhidi ya majani makavu ya rangi ileile.

Nne, unatembea sana. Piga hatua 5, simama dakika 10. Tumbo la kereng'ende mwembamba ni jembamba kuliko njiti ya kiberiti, na akitua kimya jicho halimuoni mpaka aruke. Kinachokupa habari ni mwendo wake mfupi: anaondoka, anakwenda hatua moja au mbili, anarudi kwenye kijiti kilekile au cha jirani. Ukiona kitu kimekatiza doa la jua, usikifuate kwa miguu. Fuata kwa macho mpaka kitue.

Ikiwa mvua ya Masika imepiga usiku na kijito kimejaa tope na kinakwenda kasi, acha siku hiyo. Vituo vyake vya ukingoni viko chini ya maji, na wewe utaporomosha kingo laini kwa kila hatua. Rudi maji yakishuka na jua likitoka.

DALILI: Unaona kereng'ende wengi, lakini huna hakika hata wa mmoja

Anza na mgawanyo mkubwa. Kereng'ende wakubwa hutua mbawa zikiwa zimetandazwa, na mbawa zao za nyuma ni pana kuliko za mbele kwenye shina. Wembamba wana mbawa nne zinazokaribia kufanana, na wengi wao huzifunga juu ya mgongo wakitua. Tazama na kichwa: kwa wembamba macho yamekaa mbalimbali, kila jicho upande wake, na nafasi kati yao inazidi upana wa jicho moja. Wote wasiokuwa na macho ya namna hiyo waache. Proplatycnemis ni wa kundi la wembamba.

Hapo umeondoa wengi. Pantala flavescens, yule wa manjano anayekuja kwa makundi na pepo za mvua, unaweza kumsahau. Tholymis tillarga anayeruka juu ya maji jua likizama, dume likiwa na doa jeupe la maziwa kwenye bawa la nyuma, naye si kazi yako leo. Ukishtua mdudu mkubwa wa kahawia aliyening'inia kwenye kivuli kizito akahamia mti wa pili, huenda ni Gynacantha. Hao mchana hujificha na huwinda giza likianza.

Kwa wembamba ndipo penye mkanganyiko. Wafuatao wameenea pwani ya Afrika Mashariki na ndio wanaochukuliwa vibaya.

Ceriagrion glabrum, dume lake lina mkia (yaani lile tumbo refu) wa rangi ya chungwa iliyokolea na macho ya kijani. Ni wa majani marefu, mabonde ya mpunga na madimbwi ya wazi. Ukimuona, mara nyingi maana yake umeshatoka kwenye kivuli halisi.

Ischnura senegalensis ni mdogo, mweusi, na karibu na ncha ya mkia ana mkanda wa buluu unaoonekana hata kwa mbali. Wa kike wake ndio wasumbufu: akiwa mchanga huwa na rangi ya chungwa, na wengine wakikomaa hufanana na dume. Huyu yupo karibu kila penye maji ya wazi.

Agriocnemis ni wadogo mno, wa kwenye nyasi za majimaji. Udogo wenyewe unakutosha.

Phaon iridipennis ni kinyume chao: mkubwa, miguu mirefu, mwili wa kijani cha metali, mbawa zinametameta akizigeuza, na anapenda vijito vya kivuli. Kwa ukubwa wake hutamkosea, ila anayeanza humwandika kwa sababu tu amemkuta pahala panapofaa.

Teinobasis alluaudi anahitaji uangalifu kuliko wote. Naye ni wa Bahari ya Hindi, anajulikana Shelisheli, Madagaska na misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ni mwembamba na mrefu, na anapenda maji ya kivuli yenye tope. Kwa mahali na kwa umbo la mbali anaweza kukudanganya kabisa. Kinachomtoa ni miguu na mbawa, na huko ndiko tunakokwenda.

DALILI: Mwembamba yuko mbele yako, kivulini, juu ya maji yanayotembea, na bado hujui

Usiandike rangi kwanza. Andika miguu.

Ndani ya jenasi ya Proplatycnemis madume wengi wana magoko yaliyopanuka yakawa bapa, yaani ile sehemu ndefu ya mguu chini ya goti si uzi tu, ina upana unaoonekana. Upanuzi huu hujitokeza zaidi kwenye miguu ya kati na ya nyuma. Ukimtazama ubavuni kwa darubini utaona mguu umeanza mwembamba gotini, ukatanuka, kisha ukabana tena kabla ya unyayo. Kwa jamaa zao wa Ulaya na Asia imeonekana madume wakiruka na miguu imening'inizwa mbele ili magoko yaonekane, mbele ya jike au mbele ya dume mwenzao. Kwa hiyo ukiona mwembamba anayeruka polepole, miguu ikiwa imening'inia badala ya kukunjwa, simama hapo hapo umtazame mpaka atue.

Kosa la kawaida hapa ni kudanganywa na miiba. Miguu ya kereng'ende ina vinywele vigumu pande mbili, na kwenye kivuli, kwa darubini hafifu, safu ya vinywele hivyo inaunda ukungu unaofanana na bapa. Namna ya kutenganisha: bapa la kweli lina ukingo mmoja ulionyooka na rangi iliyojaa, ukungu wa vinywele unapitisha mwanga. Msubiri atue ambapo nyuma yake kuna maji au anga, utaona kila kinywele peke yake.

Vinywele vyenyewe navyo vinasema. Katika familia ya Platycnemididae, ambayo Proplatycnemis yumo, vinywele vya goko ni virefu, kwa kadiri mara mbili ya nafasi iliyopo kati ya kimoja na kingine, au zaidi. Kwa Ceriagrion, Ischnura, Agriocnemis na Teinobasis, wote wa familia ya Coenagrionidae, kwa kawaida ni vifupi kuliko hivyo. Alama hii inafaa hasa kwa jike, ambaye hana bapa la kujivunia kama dume.

Kisha bawa. Ukitoka shinani kwenda nchani, kwenye ukingo wa mbele wa bawa la wembamba wa familia hizi mbili kuna mishipa miwili tu ya kukatiza kabla ya kufika kwenye kifundo cha bawa, ule mkato mdogo ulio kwenye ukingo huohuo. Phaon anayo mingi sana; ukiona mingi, umetoka kwenye familia hizi. Nyuma ya mishipa hiyo, karibu na shina, kuna kijumba kimoja chenye pembe nne kilichofungwa pande zote. Kijumba hicho ndicho cha kutafuta. Kwa Platycnemididae pande zake za juu na chini zinakaribia kulingana, kwa hiyo kinaonekana kama mstatili. Kwa Coenagrionidae upande wa juu ni mfupi sana kuliko wa chini, na kona ya nje ya chini imechongoka. Ukipiga picha moja inayoonyesha kijumba hiki vizuri, umetatua swali la familia bila kubishana na mtu.

Shida ni kwamba akitua mbawa zote nne zinalaliana, na mistari inakuwa maradufu. Hapo njia ni mbili: subiri azifungue, maana baada ya kutua wengi huzipanua na kuzifunga mara moja moja, au piga kutoka juu kidogo ya ubavu ili bawa la karibu litengane na la pili.

Mwisho malizia na ncha ya mkia. Dume lina koleo dogo huko mwisho, jozi ya juu na jozi ya chini, ndilo analomshikia jike shingoni. Umbo la koleo hilo ndilo linalopambanua spishi na spishi ndani ya jenasi moja. Kwa macho matupu hutalisoma, lakini picha safi ya ubavu na nyingine ya kutoka juu zinamtosha mtaalamu. Bila ncha ya mkia, andika taarifa yako kwa jina la jenasi au familia tu. Taarifa ya namna hiyo bado inafaa.

DALILI: Rangi hailingani na picha uliyonayo

Kabla ya kufikiri umepata kitu kipya, angalia umri. Kereng'ende aliyetoka kwenye ganda lake leo ana mbawa zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, mwili uliofifia, na huruka kwa shida akipanda juu ya majani mbali na maji. Rangi zake za utu uzima huja baada ya siku kadhaa. Huyo mtazame tu, usimguse kabisa. Bawa lake bado laini na likikunjwa halinyooki.

Angalia jinsia. Dume lina uvimbe mdogo chini ya tumbo kwenye pingili ya pili, karibu na kifua. Jike hana, bali karibu na mwisho wa tumbo, chini, ana kiungo cha kutagia kinachofanya ncha ionekane nene. Jike wa pekee ni mgumu kumtaja hata kwa wajuzi. Msubiri apate dume: wakishikana, yeye nyuma na dume mbele, jina la dume ni karibu kila mara jina la jike pia, na picha ya wawili hao wakitaga kwenye mmea wa majini ni bora kuliko picha 20 za mmoja mmoja. Inathibitisha pia kwamba wanazaa hapo, hawapiti njia.

Halafu angalia mwanga. Chini ya majani mabichi kila kitu kinapata ukijani, na simu inajaribu kuurekebisha kwa kuongeza wekundu. Buluu iliyopauka inaweza kutoka nyeupe, na nyeupe ikatoka manjano. Beba kipande cha karatasi nyeupe, kipige picha palepale kwenye mwanga uleule, na ukifika nyumbani utajua rangi imeteleza kiasi gani. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanza na miguu: umbo la goko halibadiliki kwa mwanga wala kwa umri.

DALILI: Unamkaribia, anaruka

Kivuli chako kimemfikia kabla yako. Zunguka ili jua liwe mbele yako au ubavuni, kisha sogea kwa magoti, polepole, bila kuinua mikono. Macho yake yanashika mwendo wa kukatiza kuliko mwendo wa kumwendea moja kwa moja, kwa hiyo usiende upande upande. Nguo za kijivu, kahawia au kijani zinafaa. Shati jeupe kwenye kivuli cha msitu linaonekana mbali.

Akiruka, kaa ulipo. Mara nyingi atarudi karibu na kituo chake, na ukiwa umeshatulia utamkuta ndani ya masafa.

Darubini ya kawaida ya kutazamia ndege haishiki kitu kilicho karibu kuliko mita 4 au 5, na kwa umbali huo goko halisomeki. Inayofaa ni ile inayoshika kuanzia mita 2 au chini yake, ya 8x32 (inayokuza mara 8, kioo cha mbele cha milimita 32) ikitosha. Kama unayo ya kawaida tu, igeuze: ukitazama kupitia upande mpana, ukaweka kitu sentimita chache mbele ya jicho dogo, inakuwa kioo cha kukuzia. Kwa mdudu hai haisaidii, ila kwa ganda lililobaki kwenye kijiti au bawa lililookotwa inasaidia sana. Ganda la mwembamba utalijua kwa vipande 3 vya majani-majani mwishoni, ndivyo vilivyokuwa mashavu yake ya kupumulia chini ya maji. Pia lipige picha na rula pembeni, uliache.

Wavu usiuchukue. Ngezi ni hifadhi. Kukamata na kutoa kitu msituni kunahitaji kibali cha Idara ya Misitu, na kwa spishi yenye makao madogo hivi picha ndiyo njia ya heshima. Getini lipa kiingilio, waambie unakwenda kutazama nini, na uende na mlinzi au muongozaji wa msitu. Wao ndio wanaojua kijito kipi kina maji mwezi huu na kipi kimekauka, jambo ambalo ramani haikuambii.

DALILI: Picha zote zimetoka na ukungu

Sababu ziko nyingi, zisipimwe kwa pamoja. Anza na lenzi. Ukishuka kwenye gari yenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la msitu, kioo kinashika mvuke papo hapo. Ukikifuta, kinarudi. Weka kamera au simu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, iache ndani yake nusu saa mpaka ipate joto la nje, ndipo uitoe.

Kama lenzi ni safi na nyuma ya mdudu ndiyo iliyotoka vizuri, basi fokasi imempita. Mwili wa milimita chache haukamatwi kirahisi. Kamera inachagua jani kubwa la nyuma. Nyoosha mkono wako au kijiti kwenye umbali uleule wa mdudu, pembeni yake, gusa kioo cha simu hapo na ushikilie mpaka fokasi ifungwe, kisha ondoa kijiti na usogee mbele nyuma kidogo kidogo huku ukipiga mfululizo. Kwa simu, simama sentimita 30 hadi 40 utumie ukuzaji wa mara 2. Ukisogea karibu zaidi utamfukuza na utamfunika kwa kivuli.

Kama sehemu moja ya mwili ni safi na nyingine imeyeyuka, umepiga kwa mshazari. Weka kioo cha lenzi sambamba na mwili wake mzima, kichwa hadi ncha ya mkia. Kwa kamera yenye lenzi ya makro, uwazi wa lenzi wa f/8 ni mwanzo mzuri. Chini ya hapo kina cha fokasi ni kidogo mno, na juu zaidi kivulini utakosa mwanga.

Kama mwili wote umeyeyuka pamoja na kijiti, ni mtikisiko. Kasi isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, panda ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) hadi 800 au 1600 bila hofu. Picha yenye chembechembe inasomeka, iliyotikisika haisomeki. Egemeza kiwiko gotini.

Kama magoko na sehemu nyingine zilizopauka zimetoka doa tupu jeupe bila mstari wowote, doa la jua limeziunguza. Punguza mwanga kwa hatua moja, au subiri doa lisogee apate kivuli cha wazi. Flashi kali ina kosa hilohilo. Ukiitumia ifunike kwa karatasi nyembamba nyeupe.

Usisahau mbu. Dawa ya kujipaka yenye DEET inayeyusha plastiki na kuharibu mpira wa kamera, na haifai kuingia kwenye kijito. Jipake kabla ya kufika majini, futa viganja kwa kitambaa, ndipo ushike vifaa. Shati la mikono mirefu linapunguza haja ya dawa.

Ukirudi uwe angalau na picha 3 za mdudu mmoja huyohuyo: ubavu mzima, mgongo kutoka juu, na ncha ya mkia. Ya nne ni ya makao, inayoonyesha kijito, kivuli na kijiti alichotua. Hiyo ya nne wengi huiacha, na mara nyingi ndiyo inayoamua.

DALILI: Programu imekupa jina jingine

Programu za kutambua viumbe kwa picha zimefunzwa kwa picha zilizopo, na za pembipes ni chache mno. Kwa hiyo itakupa Platycnemis wa Ulaya, au Ischnura, kwa kujiamini. Jibu hilo si ushahidi. Andika familia uliyoithibitisha mwenyewe kwa kijumba cha bawa na vinywele, weka picha zote, na omba mtu wa kundi hili azitazame. Ukitafuta taarifa za zamani, tafuta kwa majina yote mawili, Platycnemis pembipes na Proplatycnemis pembipes, la sivyo utakosa nusu ya zilizoandikwa.

Mahali nako kuna mtego. Chini ya majani mazito simu inaweza kukosea makumi ya mita, na kijito kinaweza kuhamia upande wa pili wa njia kwenye ramani. Simama palepale dakika 2 au 3 usomaji utulie, na uandike kwa maneno: juu au chini ya daraja au njia, umbali wa hatua, ukingo wa kulia au wa kushoto ukielekea maji yanakokwenda. Ukiweka taarifa hadharani, ficha nukta kamili. Maofisa wa msitu wapelekee ile kamili.

DALILI: Kijito ulichoelekezwa kimebadilika

Ukikuta maji yamekuwa ya tope siku isiyo na mvua, mti mkubwa wa ukingoni umeanguka au umekatwa na jua sasa linapiga majini mchana kutwa, au kijito kimebaki vidimbwi, usihesabu siku kuwa imepotea. Andika hayo kwa tarehe na picha. Kivuli kikiondoka maji yanapata joto, nyasi za wazi zinaota ukingoni, na Ischnura na Ceriagrion huingia mahali ambapo hawakuwapo. Ukiwakuta hao wawili ndani kabisa ya msitu, juu ya kijito kilichokuwa na giza, hiyo ni habari ya kupeleka kituo cha msitu siku hiyohiyo. Wape picha ya ukingo, saa, na idadi ya uliowaona wa kila namna, pamoja na sifuri ya pembipes kama ndivyo ilivyokuwa.